Hadithi Aliyoniuzia Placide

Wanawake wa kanisani huniuliza diploma ya Chloé imenigharimu kiasi gani, nami huwajibu kwa majoho. Mwaka wa kwanza, majoho ya kwaya mia na themanini. Mwaka wa pili, mia mbili na kumi, achilia mbali sare za shule, ambazo sikuzihesabu kwa sababu mgongo wangu ulikuwa umeshazihesabu.

Sisemi hivyo kujisifu. Haya, nasema kidogo kujisifu. Usione vyaelea, vimeundwa, na hiki niliunda mimi, Thérèse Nabintu, fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle, hapa Johannesburg, ndani ya chumba kimoja cha kupanga chenye mashine mbili, meza ya kukatia nguo na vitanda viwili vilivyobanana. Binti yangu alikuwa anasomea haki ya jinai katika chuo binafsi kule Braamfontein. Mambo ya polisi, mahakama, magereza, na namna ya kumsaidia mtu aliyeibiwa au kupigwa. Siku namwandikisha nilimwona tayari ndani ya sare ya polisi, nami ndiye niliyempunguzia suruali ikamkaa vizuri kiunoni.

Mwaka wa pili ulipoanza ndipo tulipojua kwamba polisi ya nchi hii huchukua raia tu. Sisi si raia. Sisi ni watu wa karatasi, ile ya mwomba hifadhi, ambayo huongezwa muda ikiisha, ikaongezwa tena, hadi mtoto uliyekuja naye mgongoni anakuzidi kimo. Niliwaka. Nilitaka kwenda chuoni kudai majoho yangu. Kwa nini hawakusema siku ile walipokuwa wanapokea ada na kuchekelea? Chloé akanituliza. Akasema zipo ofisi za mawakili wa msaada zinazoajiri hata watu wa karatasi, na diploma hiyo wanaitambua. Ila kabla ya kumaliza lazima afanye mafunzo ya miezi mitatu kazini na kuandika ripoti. Bila ripoti hakuna diploma. Na mkuu wa ofisi akiipenda ripoti, kuna kiti kitupu kinamsubiri.

Basi alipopata nafasi kwenye ofisi ya mawakili wanaotetea wakimbizi, mimi nilileta keki kanisani. Mjinga mimi. Sikujua kwamba ile ni ofisi ileile nilikofungua faili langu miaka kumi na sita iliyopita, nilipokataliwa hifadhi mara ya kwanza na kukata rufaa. Enzi zile ilikuwa jengo jingine, na jina jingine mlangoni. Wala wao hawakujua, kwa kuwa Chloé anatumia jina la baba yake, Cirhuza, na mimi natumia langu.

Jumatatu ya wiki ya mwisho alirudi nyumbani saa kumi na moja jioni. Hakusalimia. Hakufunua sufuria. Alikaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha watu, jambo ambalo anajua nalichukia. Chloé husikia Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia hapa. Siku hiyo alianza kwa Kiswahili changu mimi, pole pole, kama anayepita juu ya mawe.

"Mama, geti ya kwetu Bukavu ilikuwa rangi gani?"

"Kijani," nikajibu. Mguu wangu haukutoka hata kwenye pedali.

"Papa walimupiga risasi fasi gani?"

"Chloé, juu ya nini unauliza ile maneno leo?"

"Fasi gani, mama?"

"Pa mulango ya jikoni."

"Na wewe ulikuwa umebeba nini?"

"Wewe, ku mugongo. Na sufuria ya maharagi ku mukono. Nilikimbia nayo bila kujua. Nilishakuambia mara ngapi?"

Akafungua daftari lake. Hapo akahamia Kiingereza, na alipohamia sauti yake ikawa ya mtu wa ofisini. Akaniambia kwamba mkuu wake, Wakili Khanyile, alimpa kazi ya kupitia mafaili ya zamani ya rufaa kutoka mashariki ya Kongo, kwa sababu tarehe za kusikilizwa zimeanza kutoka. Alitakiwa kuangalia ni yapi yana maelezo yanayofanana. Amesoma mia mbili na kumi na moja. Amekuta wanawake thelathini na wanane.

"Wanawake thelathini na wanane wenye geti la kijani, Mama. Thelathini na wanane ambao waume zao walipigwa risasi kwenye mlango wa jikoni, saa kumi za alfajiri. Bukavu nzima ilikuwa inapika maharagwe siku moja? Saa kumi za alfajiri?"

Nikasimamisha mashine.

"Faili lako ni la ishirini na sita," akasema. Kisha akalia, na mimi nilijua halii kwa sababu ya faili.

Hapa lazima nieleze, maana mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye foleni ile anaweza kunihukumu haraka. Tulifika Johannesburg Chloé akiwa na miaka mitatu. Foleni ya ofisi ya wakimbizi ilianza watu wakiwa bado wamelala, na nje ya ukuta kulikuwa na Wakongo wenye kalamu. Waliita kazi yao kusaidia. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, sisi tunajua Kiswahili na Kifaransa cha kuungaunga, kwa hiyo ulimwendea mwenye kalamu, ukamlipa, akakuandikia. Placide ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Alikaa juu ya kreti la bia chini ya mwavuli, na kreti jingine mbele yake likiwa meza. Alikuwa na hadithi ya kijana, hadithi ya mfanyabiashara, na hadithi ya mwanamke mwenye mtoto. Watu walisema hadithi za Placide zinapita.

Mimi nilianza kumweleza yangu. Nilimwambia sijui mume wangu yuko wapi. Placide akaweka kalamu chini akanitazama kwa huruma ya kweli, ile ya mtu anayemwona mwenzake anatembea kuelekea shimoni. Akasema, "Mama, hawa batu hawapendi mume mwenye alipotea. Watasema alikukimbia, watasema iko ku Lubumbashi na bibi mwingine. Mume mwenye alikufa, ile njo wanajua kuandika." Akaniandikia. Akanisomea mara tatu nikariri. Akaniambia nimfundishe na mtoto akikua kidogo, kwa sababu siku moja wanaweza kumwita pembeni na kumuuliza.

Nikamfundisha mtoto. Wengine wanamfundisha mtoto sala ya Baba Yetu; mimi nilimfundisha geti la kijani. Kila Juni tulipeleka jina la Thierry Cirhuza kanisani, tukaombewa kama mjane na yatima. Miaka kumi na minane.

"Papa alikufa vipi kweli?" Chloé akauliza.

Nilipaswa kujibu pale pale. Badala yake nikasema, "Alikufa, Chloé. Kufa ni kufa," nikarudi kwenye mashine na kushona mkono wa joho upande usio wake. Hata leo sijui ni shetani gani alinishika.

Siku ya pili, Jumanne, ndipo aliponieleza kitakachotokea. Wakili, akasema, hawezi kusimama mbele ya waamuzi wa rufaa na maelezo anayojua ni ya uongo. Anaweza kunyang'anywa kazi yake. Kwa hiyo kila jina litakalokuwa kwenye ripoti, mwenye jina ataitwa. Ataambiwa achague: atoe maelezo mapya ya kweli, na akiri kwamba yale ya kwanza yalikuwa ya kununua, au atafute mtu mwingine wa kumtetea. Na mtu akikiri, waamuzi wanaweza kumwelewa, na wanaweza pia kusema aliyedanganya jana atadanganya kesho, wakamrudisha kwao. Ripoti inatakiwa Ijumaa saa nne asubuhi.

"Ondoa moja," nikasema. "Andika makumi tatu na saba. Nani atahesabu?"

"Mimi nimeshahesabu."

"Chloé, mimi njo nilikulipia ile masomo!"

Nilijuta neno hilo kabla halijatua. Yeye hakupandisha sauti. Alisema siku ya kwanza kazini alitia sahihi kwamba akikuta ndugu yake ndani ya mafaili atamwambia mkuu wake siku hiyohiyo, na hakusema. "Nina siku ya pili sasa nakiuka sheria, Mama, na hata diploma sijaipata. Na wale thelathini na saba wengine si mama za watu?"

Nilimlea awe mkweli, nikamlipia aelimishwe ukweli una adhabu gani, sasa ananitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona, macho ya kumpima mtu. Chakula alikula amesimama. Alipolala aligeukia ukutani.

Jumatano nilifunga kazi nikapanda teksi hadi Berea kumtafuta Placide. Siku hizi ni Shemasi Placide. Anakaa ghorofa ya saba katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani, na mimi nilipanda ngazi zote zile nikiwa na hasira kiasi kwamba nilifika bila kuhema. Alinifungulia amevaa suti ya kahawia niliyomshonea mwenyewe kwa ajili ya harusi ya mwanawe.

"Karibu, Mama Chloé! Iko nini? Batoto wako wazima?"

Nikamweleza. Uso wake ukasawijika. Akakaa, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Makumi tatu na nane," akasema. "Ni mingi vile?"

"Ni wanawake tu. Wanaume hawajaanza kubasoma."

"Eish." Akaivaa tena miwani. "Jina yangu iko mule?"

Hilo ndilo alilouliza kwanza. Nikamwambia jina lake halimo, mwandiko wake ndio umo, kila mahali. Hapo akaanza kujitetea. Alisema aliandikia watu waliokuwa hawajala siku mbili. Alisema hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Alisema, na hapa alinikazia macho, kwamba vita ilikuwa ya kweli, risasi zilikuwa za kweli, yeye alichofanya ni kuzipanga tu ili mtu wa mezani azisome bila kuchoka. Nilimsikiliza, na jambo baya ni kwamba nilimwelewa. Mtu hakuwa mbaya. Alikuwa fundi kama mimi, ila alikata nguo moja akawavisha watu wote.

"Placide," nikasema, "unakumbuka ile nilikuambia siku ile, mbele ya wewe kuandika?"

Akafikiri kwa dhati. Nilimwona akitafuta.

"Mulikuwa bengi, mama," akasema.

Kisha akainuka, akachukua karatasi nyeupe na kalamu kutoka kabatini, akajongeza kiti. Uhai ulikuwa umemrudia machoni. "Lakini tunaweza kupanga. Sikiliza. Tunaandika mupya. Tunasema ulikuwa na woga, akili ilichanganyikiwa, sasa unakumbuka muzuri. Ile inapita. Natengeneza moja muzuri, bure, juu ni weye."

Nakiri nilikaa. Nakiri nilitazama karatasi ile kama mtu mwenye kiu anavyotazama glasi. Ingekuwa rahisi sana. Aniandikie, nikariri, nimpelekee Chloé, aiweke mahali pa ile ya kwanza. Placide akauliza, "Tuanze: mume alitoka saa ngapi?" Nikataka kumjibu, na saa iliyonijia kichwani ilikuwa saa kumi za alfajiri.

Niliogopa. Si kuogopa waamuzi wala kurudishwa. Niliogopa kwamba ile ya kweli haipo tena, kwamba Placide ameisahau na mimi nimeipoteza, na hapakuwa na mtu wa tatu. Nikaaga nikashuka ngazi nimeshika ukuta.

Katika teksi ya kurudi nilijaribu kumwona Thierry. Alinijia amelala kwenye mlango wa jikoni. Nikafumba macho, nikaanza upya. Akanijia amelala kwenye mlango wa jikoni. Teksi ilisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, za Rosettenville na mwanamke aliyekaa kando yangu akaniuliza kwa Kizulu kama naumwa. Nikamwambia hapana, kwa Kizulu changu kibovu, naye akanipa peremende.

Alhamisi Chloé hakwenda kazini. Walimpa siku hiyo aandike. Alikaa mezani na kompyuta yake tangu asubuhi, nami nikashona, na hatukuongea isipokuwa aliponiomba nisogeze mkasi. Nilikuwa nasikia vidole vyake. Vikienda haraka nilifikiri, anaandika majina. Vikisimama nilifikiri, amefika ishirini na sita. Saa tisa alasiri sikuweza tena. Nikazima mashine, nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Nikapiga moyo konde. Mficha uchi hazai.

"Funga ile kintu," nikasema. "Nakuambia."

Akafunga kompyuta. Nikafungua mdomo.

"Ilikuwa saa kumi ya asubui. Walipiga ku geti..."

Hiyo ilikuwa ya Placide. Nikajaribu tena, na ulimi ukarudi palepale, kwenye geti, kama punda anayejua njia ya kwao. Nikapiga meza kwa kiganja hadi sindano zikaruka.

"Hatukukuwa na geti!" nikasema, na nadhani nilipiga kelele. "Nyumba ilikuwa ya mbao, kule Kadutu, mulango moja. Geti ya nini? Nani alikuwa na mali ya kufungia geti?"

Baada ya hapo yalitoka, si kwa mpangilio, yakija ya mwisho kabla ya ya kwanza. Thierry naye alikuwa fundi. Yeye ndiye aliyenifundisha mashine. Wiki ile askari waasi walioteka mji walimletea vitambaa, wakamwamuru ashone suruali. Mtu mwenye bunduki akikuletea kitambaa humwambii una wateja wengi. Akashona mchana na usiku, mimi nikipiga pasi na Chloé akilala ndani ya mabaki ya vitambaa. Kisha ikasikika kwamba askari wale wanaondoka na wengine wanaingia. Majirani wakaanza kunong'ona: fundi wa waasi. Thierry akasema zimebaki suruali kumi na nne, akizipeleka tutakuwa tumemalizana nao, hakuna atakayekuja kuzidai nyumbani. Akazifunga kwenye gunia, akalibeba kichwani, akashuka kuelekea Nguba, walikokuwa askari wale. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi, jua limetoka. Sikumsindikiza hata hadi barabarani, kwa sababu pasi ilikuwa ya moto.

Nilisubiri siku tisa. Siku ya kumi majirani walirusha mawe juu ya bati, nikamfunga Chloé mgongoni nikaondoka.

"Njo ile tu," nikamwambia. "Hakuna risasi nilisikia. Hakuna damu. Hakuna maharagi."

Chloé alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo anaweza kuwa hai."

"Sijui."

"Na hukumtafuta."

Hakuuliza; alisema tu. Na hilo ndilo lililonivunja. Miaka yote watu walikuwa wanatafutana. Kanisani kuna mama alimpata mdogo wake kambini Burundi kupitia watu wa Msalaba Mwekundu. Mimi nilipita mbele ya mlango wao mara nyingi. Nilimwambia Chloé ukweli: ningemtafuta vipi mtu niliyeshamwua mbele ya serikali, kwa sahihi yangu? Jina lake likionekana mahali popote kwamba anatafutwa, wangeuliza, huyu si ndiye aliyelala kwenye mlango wa jikoni? Wangetufukuza. Nilichagua wewe ukae shule. Kila mwaka nilichagua hivyo, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kuchagua vingine, hadi nikaanza kumlilia kweli, kama mfu.

Akainuka akaenda dirishani. Nje watu wa spaza, kile kiduka cha mtaani, walikuwa wanapakua mikate. Nilifikiri ndiyo basi, mtoto ameondoka, amesimama tu hapo lakini ameshaondoka. Nilikuwa tayari kusema chochote. Badala yake nikasema kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Andika jina yangu. Usiweke ya makumi mbili na sita. Weka ya kwanza. Na kesho tunaenda wote wawili, nitamwambia ule wakili wako mimi mwenyewe kama weye ni mutoto wangu, na kama ni kosa ya kunyamaza siku ine, anikamate mimi."

"Hakamati watu, Mama. Ni wakili."

"Basi aniseme."

Akacheka kidogo, kicheko chenye makamasi. Akarudi, akafungua kompyuta, nami nikamwona kwa macho yangu akiandika: Thérèse Nabintu. Alinionyesha herufi moja moja, kama nilivyokuwa namwonyesha yeye zamani. Chini ya jina akaongeza kwamba huyu ni mama yake mzazi, kwamba alijua tangu Jumatatu, na kwamba anaomba faili lake apewe mtu mwingine. Aliisoma mara mbili. Niliuliza kama watamnyima diploma kwa hilo. Akasema hajui, na kiti pia hajui. Majoho mia tatu na tisini, nikawaza, na zaidi. Lakini kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilihisi njaa.

Nikadhani tumemaliza. Nikasimama kwenda kuwasha jiko.

"Kaa, Mama," akasema.

Alichomoa karatasi tupu kutoka kwenye mkoba wake. Alichora mistari kwa rula yangu ya kukatia, haraka, kwa mkono wa mtu aliyefanya zoezi hilo darasani mara nyingi. Juu akaandika: Mtu aliyepotea, Thierry Cirhuza. Akaniuliza mwaka wa kuzaliwa, nikampa. Urefu. Nikaonyesha kwa mkono juu ya kichwa changu, akakadiria. Kovu au alama, nikamwambia kidole cha shahada cha kushoto, sindano ya mashine ilikipitia ukucha. Aliandika yote bila kuniangalia. Sauti yake ilikuwa ileile ya ofisini iliyonitisha Jumatatu, ila sasa haikunitisha.

"Mara ya mwisho kuonekana," akasema, "alikuwa amevaa nini?"

Hapo sikuhitaji kutafuta.

"Shati ya kitenge ya manjano," nikasema. "Mikono mifupi, mufuko moja ku kifua. Nilimushonea mimi, ilikuwa ya kwanza yangu kushona bila yeye kunisaidia. Vifungo tano. Ya tatu ilikuwa imekatika, na alisema itangoja, nitamushonea akirudi."